Edipode, Kinjeketile au Willy Loman: shujaa yupi wa tanzia tumpandishe jukwaani Moshi?

Jukwaa_Pasua:
Wakuu habari za jioni. Tuko kikundi cha watu 9 hapa Moshi, mazoezi tunafanyia Pasua kila jumamosi, mwaka huu tumeamua kuweka vichekesho pembeni tufanye tanzia (mchezo wa kuigiza wenye mwisho wa huzuni) moja ya kueleweka. Mezani zimebaki tatu: Mfalme Edipode ya Mgiriki wa kale Sophocles ile aliyotafsiri Mushi, Kinjeketile ya Ebrahim Hussein kuhusu kiongozi wa Maji Maji aliyewapa watu maji ya kuwakinga na risasi za Mjerumani, na ile ya Arthur Miller ya 1949 kuhusu Willy Loman, mzee wa mauzo, hii tungeitafsiri wenyewe.

Mimi moyo uko kwa Edipode, yule aliyetabiriwa atamuua baba yake na kumuoa mama yake, na bila kujua akafanya yote mawili. Juzi tulisoma kwa sauti pale anapomhoji yule mchunga kondoo mzee, mzee hataki kusema, anaomba aachwe, mfalme anaamuru akunjwe mikono nyuma mpaka aseme. Yani mtu anamtesa shahidi ili apate ushahidi wa kujiangamiza yeye mwenyewe! Na mkewe Jocasta ameshaelewa kabla yake, amemsihi aache kuuliza, hasikii. Tulipomaliza chumba kizima kilikuwa kimya, hata boda nje tulikuwa tunazisikia. Mnaonaje?

HKL_Moshi:
Edipode mkuu. Ndo kipimo chenyewe cha tanzia cha Aristotle, yule mwanafalsafa wa Kigiriki: mtu mkubwa, si mwovu si malaika, ana dosari inamwangusha, halafu anautambua ukweli palepale bahati yake inapogeuka. Dosari ya Edipode ni kiburi na hasira, pale njia panda alimuua Laius, kumbe ndiye baba yake, kwa kugombea njia tu. Willy Loman anaangukaje wakati hajawahi kupanda popote?

Mwalimu_Mstaafu_Kijenge:
Kijana wangu HKL umejibu vizuri ila hapo kwenye dosari twende polepole, mimi mwenyewe nilifundisha hivyo miaka mingi kabla sijajirekebisha. Neno la Kigiriki alilotumia Aristotle maana yake ya asili ni kukosa shabaha, kama mtu aliyerusha mshale ukaenda pembeni. Sio lazima iwe tabia mbaya. Edipode alitoka Corinth alikolelewa akikimbia asije akamuua baba yake, nia yake ilikuwa njema kabisa, na mguu uleule aliokimbilia ndio uliompeleka Thebes kwa wazazi wake halisi. Ukimcheza kama mtu wa kiburi tu watazamaji watasema amejitakia, na hapo huruma yote imeisha.

Mama_Njiro:
Shikamoo mwalimu. Naomba nimtetee Willy maana naona anadharauliwa. Baba yangu alikuwa mtu wa mauzo ya pembejeo, anatoka Arusha na begi la sampuli anapanda basi Babati, Singida, anarudi baada ya wiki mbili, kampuni ikamwachisha akiwa amebakiza miaka michache. Kila jumapili jioni aliendelea kupiga kiwi viatu kama vile kesho kuna safari. Nilipokuja kusoma Willy Loman nilifunga kitabu nikalia.

Angalieni anavyoenda kumuomba bosi wake Howard ampe kazi ya hapohapo mjini. Howard kwanza anamsikilizisha sauti za watoto wake kwenye mashine mpya ya kurekodi. Willy anaanza na dola 65 kwa wiki. Willy anashuka 50. Anashuka 40. Halafu anafukuzwa kazi. HKL unauliza ameangukaje, kaangukia hapo, mbele ya kijana ambaye alimjua tangu mdogo. Miller mwenyewe aliandika makala mwaka huohuo 1949 akisema mtu wa kawaida anafaa kwa tanzia sawa na mfalme, kinachohitajika ni mtu aliye tayari kutoa uhai wake kulinda heshima yake. Na anautoa kweli, anajiua kwa gari ili familia ipate bima ya dola 20,000.

HKL_Moshi:
Shikamoo mama, na pole sana kwa ya mzee. Nimekuelewa. Bado kitu kimoja kinanisumbua, Edipode anajua mwishoni, anajitoboa macho kwa bizimu za nguo ya Jocasta kwa sababu AMEJUA. Willy anakufa bado anaota, hajatambua kitu.

Mama_Njiro:
Marahaba mwanangu. Anayetambua ni Biff, mtoto. Anamlilia baba yake aiache ile ndoto na mzee anachoshika ni kimoja tu, kwamba kumbe mtoto ananipenda. Usiku huohuo alikuwa nje anapanda karoti na bitiruti kwa mwanga wa tochi, kwenye kiwanja ambacho maghorofa yameshakiziba jua. Kwa Mchaga anayejua kihamba, shamba la nyumbani la ukoo, hiyo picha haihitaji maelezo.

Mwalimu_Mstaafu_Kijenge:
Sasa mbona Kinjeketile wa watu hana wakili? Huyu amebeba yote mawili mnayobishania. Anatoka mtoni na maji, anawaunganisha watu, halafu anasikia kwamba akiwa amepagawa alitamka watakuwa watoto wa Seyyid Said, akili inamgeuka palepale, kumbe ni kumtoa Mjerumani kumuingiza bwana mwingine! Anawaambia wasubiri, hawasubiri, neno limeshakuwa kubwa kuliko yeye. Edipode akijua analia. Huyu anajua na bado anatakiwa aamue: kule jela mwenzake Kitunda anamsihi akubali kusema maji ni uongo, anakataa, kwa sababu neno hilo watakaozaliwa baadae watalihitaji. Na Hussein ameshasema kwenye dibaji kwamba huyu ni wa kubuni, sio yule wa historia ya 1905, kwahiyo mwigizaji yuko huru. Mimi shuleni nilicheza Kitunda, ule ukimya baada ya jibu la Kinjeketile sijausahau mpaka leo.

Jukwaa_Pasua:
Mwalimu hapo kwenye jela umenimaliza. Edipode tungemudu, Wagiriki walitumia waigizaji watatu tu wakibadilisha barakoa, kwaya ya wazee tungepata, lakini nimewasomea wenzangu comment yako na wote 8 wamesema Kinjeketile. Mama Njiro ile ya Howard tutaifanya kama zoezi la sauti, 65, 50, 40, mwigizaji wetu mkuu anahitaji kujifunza kushuka hivyo.

Mama_Njiro:
Nakuja jumamosi. Nije na kitabu?

Jukwaa_Pasua:
Njoo nacho mama, tuna nakala mbili za Kinjeketile na ya Willy hatuna kabisa. Tunaanza saa nane.