Tupeane uzoefu: nguo yako ya kwanza kushona kwa patani, uliimalizaje?

Wadau habari zenu. Uzi huu ni wa sisi tuliojifunza kushona wenyewe nyumbani, mafundi mtuvumilie. Kila mtu aseme nguo yake ya kwanza aliyoshona kwa patani, yale makaratasi yenye michoro ya vipande, na hasa aseme aliimalizaje, maana kuanza tunaanza wengi sana ila vitambaa vinaishia kwenye mifuko juu ya kabati vikiwa vimeshakatwa.

Naanza mimi. Yangu ilikuwa sketi ya kitenge, inamwagika kidogo chini, zipu nyuma na mkanda kiunoni. Patani niliinunua mtandaoni, nikaenda kuprinti stationery, na hapa naomba msikilize vizuri. Ukurasa wa kwanza una kiboksi cha kupimia, kimeandikwa 5 cm kila upande. Nikaweka rula palepale kaunta, kinasoma 4.8. Mtu anaweza kuona ni kitu kidogo ila piga hesabu, hipsi ya 100 inakuwa 96, hiyo sketi haitakupanda! Kompyuta yao ilikuwa inabana kurasa ziingie kwenye karatasi, tukaweka asilimia 100 ndo zikatoka sawa. Usiondoke stationery hujapima kile kiboksi jamani.

Kilichonifikisha mwisho ni pasi. Nilikuwa nashona mshono mmoja, naufungua, naupiga pasi, ndo naenda mwingine, kwa hiyo kila nikiishika naona inafanana na nguo kabisa na hamu inarudi. Zipu niliishikiza kwanza kwa sindano ya mkono ndo nikapitisha cherehani. Nilipoivaa kanisani mama aligeuza pindo akaangalia ndani, akakagua mishono yote, akasema hii umeshona wewe? Nilifurahi mno.

Haya leteni zenu.

Mdau, Morogoro: Mimi nilishona gauni la binti yangu kwa cherehani ya bibi, Butterfly ya kukanyaga. Kwangu patani haikunisumbua, kazi ilikuwa miguuni, ukikanyaga vibaya gurudumu linarudi nyuma uzi unakatika. Bibi akatoa uzi wote, akanipa karatasi za daftari zenye mistari, akasema tembea juu ya mstari mpaka matundu yanyooke. Nilitembea wee mpaka daftari likaisha. Halafu hakuniruhusu kugusa kitambaa kipya, gauni la kwanza tulilikata kwenye shuka kuukuu, tukamvalisha mtoto, tukaona mabega yanataka kupunguzwa, tukarekebisha kwenye karatasi kabisa. La kitambaa chenyewe lilipokuja kushonwa lilienda kama maji. Shuka kuukuu msizitupe!

Mdau, Mombasa: Mie nilianza na magazeti ya Burda ya Ujerumani, shangazi alikuwa nayo mengi. Wale wanatia patani ndani ya gazeti tangu 1952, lakini ukikunjua ile karatasi mara ya kwanza utalia, mistari ya nguo kadhaa imepandana juu kwa juu, wafuata rangi ya mstari wako na namba ya saizi yako. Nililaza nailoni inayoonyesha juu yake nikachora blauzi yangu peke yake kwa kalamu. Na mjue patani zao za zamani hazina nafasi ya mshono, yaani kile kitambaa cha ziada pembeni cha kushonea, waongeza mwenyewe, mie naongeza sentimita 1.5 pande zote na pindo zaidi. Saizi pia usichukue ile ya dukani, shika futi ujipime kifua, kiuno na nyonga ndipo uangalie jedwali lao. Blauzi ile ilinikaa kwapani vizuri kuliko zote nilizowahi kununua, naivaa hadi leo.

Mdau, Arusha: Wanaume pia tupo. Yangu shati la kitenge la mikono mifupi. Nyuma ya bahasha ya patani kuna safu mbili za kiasi cha kitambaa, moja ya upana wa 115 cm na moja ya 150, kitenge soma ya 115, na kama maua yake yana kichwa na miguu ongeza kidogo ili vipande vyote vielekee juu. Mkono niliuweka bega likiwa limeungwa na ubavu bado uko wazi, ndo nikafunga kuanzia mkononi hadi chini kwa mshono mmoja. Kola ilinichukua wikiendi nzima na sijutii hata dakika moja.

Mdau mpya: Dada mwenye uzi shikamoo, mwenzenu nimekwama katikati ya gauni, nyuzi zinajikusanya chini ya kitambaa mpaka mashine inagoma. Nimebadilisha bobini, ile ya uzi wa chini, wapi.

Mwenye uzi: Marahaba mdogo wangu. Zikijikusanya chini anza kuangalia uzi wa juu. Toa uzi wote, nyanyua mguu wa cherehani, kile chuma kinachobana kitambaa, kwanza ndo upitishe upya, mguu ukiwa umeshushwa, uzi hauingii katikati ya zile sahani za kukazia uzi. Ukianza kushona shikilia ncha zote mbili kwa nyuma. Na sindano kama ni ya siku nyingi badilisha, kwa kitenge namba 14 inatosha.

Mdau mpya: Imekubali!! Ubavu mmoja umeisha sasa hivi, naenda wa pili.