Mrejesho: chujio la mafuta ya alizeti, Singida

Ndugu zangu mlionishauri, niliwauliza kama kiwanda chetu cha kukamua alizeti hapa Singida kinunue filta presi ya sahani na vitambaa au chujio la mifuko. Tumenunua filta presi, na ninaamini ndiyo iliyotufaa. Mfuko wenye vitundu vya mikroni 5 (mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita) huchuja vizuri uchafu unapokuwa kidogo, lakini mafuta ghafi hubeba chembe nyingi za mashudu zinazouziba upesi. Filta presi huyakusanya mashapo hayo kati ya sahani hadi yawe keki, na keki yenyewe ndiyo inayochuja mafuta yanayofuata. Ndiyo maana mafuta ya mwanzo, ambayo hutoka na ukungu, tunayarudisha kwenye tangi mpaka yang'ae.

Swali la mmoja wenu, kama tuchuje mafuta yakiwa ya moto au yakishapoa, lilikuwa la thamani kuliko yote. Mafuta ya moto ni mepesi na hupita haraka, ila nta ya alizeti huwa imeyeyuka ndani yake, hupita pamoja nayo, kisha huganda chupani wakati wa baridi na kuyatia wingu. Kwa hiyo tunachuja mara mbili: kwanza yakiwa na joto ili kuondoa mashudu, halafu baada ya kuyapoza polepole ili nta igande na ibaki kwenye chujio, tukiyasukuma taratibu, maana pampu yenye nguvu nyingi huvunja fuwele za nta. Mfuko tumeuweka mwisho, kabla ya kujaza madumu. Kipimo cha presha ndicho kinachotuonyesha wakati wa kufungua sahani na kukwangua keki.