Mvua ikianza tu wanangu wanaharisha, naishi mlimani Mwanza, naombeni ushauri

Mama Wawili wa Mlimani:
Wakuu habari za muda huu. Naombeni mawazo yenu maana nimechoka kubeba watoto kwenda kituo cha afya kila baada ya wiki mbili. Nimepanga huku mlimani Mabatini, wanaopafahamu wanajua nyumba zilivyopandana juu ya mawe, choo cha jirani wa juu kinatazamana na bati langu. Huku shimo refu halichimbiki, ukipiga sururu kidogo tu umekutana na jiwe, kwa hiyo vyoo vinajaa mapema na mvua kubwa ikianza usiku kuna watu wanafungulia ili maji yashuke na uchafu.

Juzi saa tisa usiku mvua ilipiga kweli kweli, nikaamshwa na harufu. Nikawasha tochi ya simu, mfereji unaopita mlangoni kwangu umejaa maji meusi yanatoa povu. Asubuhi mvua imekata, kuku wanachakura palepale na mwanangu wa miaka minne yuko peku anachezea vijiti kwenye tope hilohilo. Siku mbili baadae kaanza kuharisha, mdogo wake wa mwaka na miezi miwili akafuatia, na leo huyu mdogo anatapika pia. Ni mara ya tatu tangu vuli ianze.

Maji ni ya bomba ila yanakata siku mbili tatu, nahifadhi kwenye madumu. Dukani nilipewa Flagyl na vidonge vya kukata kuhara, nikawapa, nafuu ikaja ikapotea. Kuhama siwezi, kodi nimelipa ya miezi sita. Nifanyeje jamani?

Nesi wa Zamu:
Pole sana mama. Naanza na huyo mdogo maana ndiye wa leo. Hivyo vidonge vya kukata kuhara usimpe tena mtoto mdogo, vinafunga utumbo uchafu unabaki ndani. Na Flagyl si dawa ya kila kuhara, mara nyingi kwa watoto ni virusi na Flagyl haiwafanyi kitu. Kinachomuua mtoto ni maji kumwishia mwilini.

Chukua ORS, ule unga wa chumvi na sukari wa kurudisha maji mwilini, pakiti nzima kwenye lita 1 ya maji yaliyochemshwa yakapoa, usigawe pakiti nusu nusu kama wengi wanavyofanya, dozi inaharibika. Kila akiharisha mpe robo mpaka nusu kikombe, yule wa miaka minne nusu mpaka kikombe kizima. Akitapika subiri dakika 10 halafu mpe kwa kijiko, taratibu, kijiko kimoja kila baada ya dakika moja mbili. Ikifika kesho muda uleule iliyobaki mwaga, koroga nyingine. Usiku huu kama huna pakiti, lita 1 ya maji safi, vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vya kusawazishwa visijae kilima. Onja, isiwe na chumvi kuzidi machozi. Ziwa aendelee kunyonya, uji aendelee kula. Na uombe zinki kituoni, miligramu 20 kwa siku kwa siku 10 hadi 14 hata akiacha kuharisha siku ya tatu, kina mama wengi wanaiachia njiani, wakati kumaliza dozi kunasaidia ugonjwa usirudi upesi.

Ukiona macho yameingia ndani, analia bila machozi, hakojoi, ukibana ngozi ya tumbo inarudi polepole, damu kwenye choo au amelegea hata kunyonya hawezi, usisubiri asubuhi. Na kama ni kuhara maji meupe kama ya kuoshea mchele na yanakuja kwa kasi, huo unaweza kuwa kipindupindu, kimbia hospitali huku unamnywesha njiani.

Fundi Bomba:
Mama mimi natandaza mabomba hukohuko milimani, nikwambie kitu ambacho watu hawakiwazi. Mipira ya maji inapita juu ya mawe, mingi imelazwa ndani ya mfereji uleule unaoshusha uchafu, na viungio vyake vinavuja. Maji yakiwepo yana presha, yanatoka nje. Maji yakikatwa, mpira unabaki mtupu na penye tundu unavuta yale maji meusi kuingia ndani, halafu bomba likirudi uchafu wa kwanza unakuja kwenye dumu lako. Kwa hiyo maji yakirudi usikinge papo hapo, acha yatoke kwanza mpaka yaeleweke, hayo ya mwanzo fulia matambara au mwagia choo. Na hata yakiwa meupe usiyaamini, yatibu.

Mtoto wa Igombe:
Mbona sisi huku tumekunywa maji ya ziwa tangu wadogo na tuko wazima, mnatisha watu tu.

Nesi wa Zamu:
Ndugu yangu wa Igombe, wewe uko hapa unaandika, waliokufa wadogo hawawezi kuandika. Mvua za mwisho wa 2023 na mwanzo wa 2024 kipindupindu kilipita huku Kanda ya Ziwa na kiliondoka na watu. Na hayo maji ya ziwa hata bila kuyanywa yana kichocho, konokono wako kwenye matete ya pembezoni, mtoto akioga tu vimelea vinapenya kwenye ngozi.

Mtoto wa Igombe:
Nimekuelewa sista, na kweli 2020 ziwa lilipojaa maji yakaingia mpaka kwenye vyoo vya mwaloni kwetu. Naomba radhi kwa mama. Mdogo wangu mwenyewe alipimwa shuleni akakutwa na kichocho.

Bibi Mkolani:
Mwangaluka mwanangu. Mimi nimelea wajukuu watano kwenye nyumba ya kupanga. Nunua ndoo yenye koki, hiyo ndiyo ya kunywa peke yake. Madumu yabaki ya kupikia na kuogea. Maji ya kunywa chemsha mpaka yatokote vizuri, mkaa ukikupiga chenga tumia vidonge vya klorini, soma pakiti kinatibu lita ngapi, ngoja nusu saa. Kama maji yana vumbi chuja kwanza na kanga safi iliyokunjwa mara nne, klorini haifanyi kazi vizuri kwenye tope. Nilikuwa nahangaika kuchemsha kila siku na wanaugua, siku moja nikakaa nikatazama, mjukuu ametoka chooni, kachukua kikombe, kazamisha kikombe na mkono wote mpaka kwenye kiwiko ndani ya ndoo. Nikasema kumbe ndio hapa! Sasa koki, na dumu dogo la maji na sabuni pembeni ya mlango wa choo.

Jirani Mwema:
Kuhusu huyo wa juu usiende kugombana peke yako, tafuta wapangaji watatu wanne walio chini ya mfereji mwende kwa balozi, kisha mwenyekiti wa mtaa, amlete afisa afya wa kata aone. Piga picha asubuhi kabla mvua nyingine haijafagia. Huku kwetu ilikaa sawa baada ya nyumba tatu kuchangia gari la kunyonya vyoo, barabara haifiki ila walishusha mpira mrefu. Na homa ikiwapata wakati huu wa mvua wapimwe malaria kwanza, usinunue tu dawa mseto kwa kukisia.

Mama Wawili wa Mlimani:
Nimerudi wakuu, asanteni mno. Jana usiku nilikoroga ya sukari na chumvi, nikakaa na kijiko mpaka saa kumi, mdogo akakojoa nikalia. Asubuhi tumepewa ORS na zinki, tumeanza. Ndoo ya koki nimenunua. Mpira wangu nimeukagua, kuna kiungio kimefungwa na kipande cha nailoni katikati kabisa ya mfereji. Fundi nakuja kwako tuone unauinuaje juu ya jiwe. Wapangaji wenzangu wawili wamekubali, Jumamosi tunaenda kwa balozi na picha ninazo.