Zabuni za mawasiliano ya serikali: bajeti itangazwe, tushindane kwa ubora?

MLETA MADA

Wakuu, kuna jambo limenikaa rohoni muda mrefu, leo nalileta tulijadili. Serikali inapotafuta kampuni ya kuiandalia matangazo, vipindi vya redio, video au kampeni nzima ya uhamasishaji, kwa nini bei ndiyo iamue mshindi? Msimamo wangu nauweka mezani mapema: bajeti ya kazi iandikwe wazi kwenye nyaraka za zabuni, kila mzabuni ajue fedha iliyopo ni kiasi gani, halafu tushindane kwa ubora wa kazi. Atakayeonyesha kwamba kwa fedha hiyohiyo atawafikia watu wengi zaidi na ujumbe ukaeleweka, apewe.

Nimeandika mapendekezo ya zabuni za aina hii kwa miaka. Tulizokosa ni nyingi kuliko tulizopata, na hilo silalamikii, ndiyo biashara. Ila kuna zabuni moja ya kampeni ya chanjo bado inaniuma. Sisi tulipendekeza redio alfajiri na jioni, muda ambao wazazi wako nyumbani na redio imewashwa, na kabla ya kurekodi chochote tuusome ujumbe mbele ya vikundi vya wazazi tuone wanaelewa nini. Aliyeshinda alituacha mbali kwa bei. Baadaye nikaiona orodha ya matangazo yaliyorushwa. Saa saba usiku. Saa nane usiku. Saa tisa na robo. Ukurasa baada ya ukurasa. Idadi ilitimia kama mkataba ulivyotaka, kituo kikatoa hati ya kuthibitisha kwamba yamerushwa, ankara ikalipwa. Kwenye karatasi hakuna aliyekosea, na mama aliyepaswa kusikia alikuwa amelala.

Ndiyo maana nasema kazi hii si ya kununuliwa kama saruji. Mfuko wa kilo 50 ni kilo 50, aliyeuza kwa bei ndogo amekuokolea fedha kweli. Lakini sekunde 30 za saa moja asubuhi na sekunde 30 za saa nane usiku zinaandikwa vilevile kwenye mkataba: tangazo moja.

Najua kuna watakaosema mfumo wa kuchanganya alama za ufundi, yaani za ubora wa pendekezo, na za bei umeshalimaliza tatizo. Tupige hesabu basi. Kampuni A imepata alama 90 za ufundi, bei yake milioni 100. Kampuni B imepata 75, bei yake milioni 60. Alama za bei kwa kawaida hupatikana hivi: bei ya chini kuliko zote igawanywe kwa bei yako, zidisha kwa 100. Kwa hiyo B ana 100, A ana 60. Ukiweka uzito wa 70 kwa ufundi na 30 kwa bei, A anapata 63 na 18, jumla 81. B anapata 52.5 na 30, jumla 82.5. B kashinda! Badilisha uzito uwe 80 kwa 20, A anakuwa na 84 na B ana 80. Kazi ni zilezile, wazabuni ni walewale, ila mshindi ameamuliwa na mtu aliyechagua namba mbili kabla hata bahasha hazijafunguliwa.

Na hili la bajeti kutangazwa sikulizua mimi. Benki ya Dunia katika taratibu zake za kuchagua washauri ina njia ya bajeti maalumu: fedha inatajwa, anayezidisha anatolewa, na kati ya waliobaki anachukuliwa mwenye pendekezo bora la kiufundi. Nataka njia hiyo iwe ya kawaida kwenye mawasiliano. Karibuni.

MCHANGIAJI WA KWANZA

Mkuu, mimi nimekaa upande wa pili wa meza, kwenye kamati za tathmini, kwa hiyo nakujibu kwa niliyoyaona.

Ubora unaupimaje? Ukinipa bei kumi, nazipanga kwa dakika mbili na hakuna wa kunibishia. Ukinipa mapendekezo kumi ya kampeni, tupo watu watano, tumefungiwa chumbani tangu asubuhi, kila pendekezo lina kurasa 140, na ifikapo la saba macho yameshachoka. Mmoja anaona lile lenye picha nzuri ndilo ubunifu. Mwingine anasema ubunifu ni maneno machache. Nimeona pendekezo moja likipewa 88 na mjumbe mmoja na 51 na mwingine, wote waaminifu, wote wamelisoma. Ukiiondoa bei hapo, umetuachia maoni matupu. Na palipo na maoni matupu, mkubwa akipiga simu kusema "hao jamaa nawaamini", simu hiyo inatosha.

Bei ndiyo ukuta wangu. Nikiulizwa kwa nini nilimpa huyu, naonyesha namba.

Halafu kumbuka Canada. Serikali ya huko ilikuwa na mpango wa kudhamini matukio ili ionekane zaidi, hasa jimbo la Quebec, na kazi ikapitishwa kwa kampuni za mawasiliano. Ripoti ya Mkaguzi Mkuu, Sheila Fraser, iliyowasilishwa bungeni Februari 2004, ilionyesha kwamba tangu 1997 hadi Machi 2003 zilitumika kama dola milioni 250 kwa matukio 1,987, na zaidi ya milioni 100 kati ya hizo zilikwenda kwa kampuni hizo kama ada na kamisheni. Kampuni zenyewe zilichaguliwa kwa kukiuka taratibu za ununuzi. Ikaundwa tume ya uchunguzi ya Jaji Gomery, ripoti yake ya kwanza ikatoka Novemba 2005, na mwezi huohuo serikali ikaangushwa kwa kura ya kutokuwa na imani. Sasa wewe unataka tuiondoe bei kwenye ushindani?

MLETA MADA

Ahsante mkuu, hoja yako ni nzito kuliko zote nilizotegemea. Ila Canada naisoma tofauti na wewe. Tazama fedha ilitokea mlango gani. Wakala, yaani kampuni ya mawasiliano, alichukua asilimia 12 ya udhamini kwa kuusimamia, na wakala mwingine aliyepitisha malipo akachukua asilimia 3. Hiyo ni 15 kwa kila 100, na mara nyingi kazi iliyofanyika kwa malipo hayo haikuonekana. Hapo tatizo lilikuwa kumlipa mtu asilimia ya fedha inayopita mkononi mwake. Ukimlipa hivyo, faida yake ni fedha nyingi ipite, iwe imefika kwa msikilizaji au haikufika. Mimi nataka ada ya wakala isimame peke yake, iandikwe kwa kazi na kwa siku za watu, na fedha ya muda wa hewani iwe kifungu kingine kabisa ambacho hakiguswi.

Kuhusu 88 na 51, hapo umenibana. Sitasema halipo. Lakini nawe niambie: zile alama 70 za ufundi mnazotoa leo si maoni yaleyale? Bei haikuwaondoa kwenye maoni, imeyafunika tu.

MCHANGIAJI WA PILI

Samahanini kaka zangu, naona mnabishana kuhusu nani ashinde. Sisi wengine hatufiki hata kwenye hizo alama.

Kampuni yetu ina watu wanne. Tunatengeneza vipindi vya redio kwa lugha za jamii, na najua kazi yetu ni nzuri kwa sababu kampuni kubwa zikishinda zabuni hutupigia simu tuwafanyie kazi hiyohiyo kwa sehemu ndogo ya malipo. Tukitaka kuomba wenyewe, sharti la kwanza: hesabu zilizokaguliwa za miaka mitatu. Tunazo. La pili: mikataba miwili inayofanana na huu kwa thamani, ndani ya miaka mitano. Hapo tunaishia. Mkataba mkubwa wa kwanza utaupataje kama unatakiwa uwe umeshapata miwili? Na ile kazi tuliyoifanya chini ya kampuni kubwa haihesabiwi, jina kwenye mkataba si letu.

Safari moja tulivuka masharti yote. Tulikesha siku mbili. Msichana wetu wa hesabu alikuwa anaweka saini ndogo kwenye kila ukurasa, kurasa 96 mara nakala tatu. Tukatolewa hatua ya awali kwa sababu ukurasa mmoja wa kiambatisho, wenye ramani ya vituo vya redio, haukuwa na saini. Ramani! Barua ilikuwa na mistari minne. Hakuna aliyesoma hata sentensi moja ya pendekezo lenyewe.

Kwa hiyo kaka mleta mada, mpango wako wa ubora naupenda kwa masikio, lakini nauogopa. Ubora kwenye majedwali yao ni miaka ya kampuni, idadi ya magari, mauzo ya mwaka. Ukiondoa bei umetunyang'anya silaha pekee tuliyonayo sisi wadogo, kwamba tuna gharama ndogo.

Na lingine ambalo hamjaligusa: malipo. Kituo cha redio kinataka fedha kabla ya kurusha. Serikali inalipa baada ya ripoti, na ripoti ikikaa mezani kwa mtu miezi sita, mimi ndiye ninayedaiwa. Mwenye mtaji mkubwa anashinda hata kabla ya kushindana.

MCHANGIAJI WA TATU

Nyote mmeanzia katikati. Swali la kwanza ni kama kazi hii inapaswa kupelekwa nje ya serikali kabisa. Uingereza walikuwa na ofisi kuu ya habari ya serikali tangu 1946. Wizara ikitaka kampeni, ofisi ile ndiyo iliyojua kampuni gani inaweza nini, na kwa kuwa ilinunua nafasi za matangazo kwa niaba ya wizara nyingi kwa pamoja, ilikuwa na nguvu ya kubishana bei na vituo. Ilifungwa 2012 katika kubana matumizi. Mimi naona lile lilikuwa wazo zuri: wawepo watu ndani wanaojua kununua. Kamati ya watu watano wanaotathmini leo kampeni, kesho madawati, haiwezi kuijua kazi hii.

Ila hapohapo kuna hatari ambayo kwangu ni kubwa kuliko zote. Fedha ya matangazo ya serikali inaweza kuwa kamba shingoni mwa chombo cha habari. Afrika Kusini, Themba Maseko, aliyekuwa mkuu wa idara ya mawasiliano ya serikali, aliieleza tume ya Zondo, iliyochunguza rushwa serikalini, mwaka 2018 kwamba mwaka 2010 familia ya wafanyabiashara ya Gupta ilitaka bajeti ya matangazo ya serikali, kama randi milioni 600 kwa mwaka, ielekezwe kwenye gazeti lao. Alikataa, na miezi michache baadaye akaondolewa kwenye nafasi ile. Kuna na upande wa pili wa kamba hiyo. Argentina, jimbo la Neuquén lililinyima matangazo gazeti la Río Negro baada ya gazeti kuandika habari za tuhuma za rushwa. Mahakama ya Juu ya nchi ikaamua mwaka 2007 kwamba serikali hailazimiki kutangaza, lakini ikishaamua kutangaza haiwezi kugawa au kuondoa matangazo kwa kumwadhibu mwandishi.

Ukitangaza bajeti, mleta mada, tangaza na mgawanyo. Kituo gani kimepewa kiasi gani, kwa sababu gani ya wasikilizaji.

MLETA MADA

Dada mchangiaji wa pili, umenibadilisha kwenye jambo moja, na nalisema waziwazi. Nilipoandika "ubora" nilikuwa naona pendekezo kichwani mwangu, si jedwali lao. Ikiwa ubora ni magari na mauzo ya mwaka, basi afadhali bei. Kwa hiyo narekebisha: sifa za kampuni ziwe za kupita au kutopita, na kizingiti kilingane na ukubwa wa kazi, halafu alama zote ziwe za pendekezo na za watu watakaofanya kazi wenyewe. Kazi iliyofanywa chini ya mkataba wa mwingine ihesabiwe, mradi mwenye mkataba athibitishe kwa barua. Zabuni kubwa ya nchi nzima ikatwe kwa lugha na kwa maeneo, maana kampuni ya watu wanne yenye lugha yake itaishinda kampuni kubwa pale inapoijua. Saini iliyosahaulika kwenye ramani aombwe mzabuni airekebishe, haigusi bei wala haigusi ahadi yoyote. Na fedha ya muda wa hewani ilipwe na serikali moja kwa moja kwa kituo. Hapo mtaji wako hauingii, kamisheni haina pa kujificha, na mgawanyo anaoudai mchangiaji wa tatu unabaki kwenye kumbukumbu za malipo, kila mtu anaweza kuuomba.

Mkuu mchangiaji wa kwanza, nirudi kwako, kwa sababu lile la simu ya mkubwa ndilo linalonikosesha jibu zuri. Nchi za Umoja wa Ulaya zina utaratibu wa kusubiri: mshindi akishatajwa, mkataba hausainiwi kwa siku zisizopungua 10 ikiwa taarifa imetumwa kwa njia ya kielektroniki, na walioshindwa wanaelezwa sababu ili mwenye malalamiko ayapeleke mapema. Mimi ningeongeza kwamba kila mjumbe aandike alama zake peke yake kabla ya majadiliano, karatasi zile zisibadilishwe, na zitolewe pamoja na sababu. 88 na 51 zionekane zote mbili. Je, wewe ungekubali karatasi yako, yenye jina lako, isomwe na wazabuni wote?

MCHANGIAJI WA KWANZA

Jina, hapana. Utaniletea watu nyumbani. Alama na sababu zangu bila jina, nakubali hata kesho. Tena ingenisaidia, kwa sababu aliyenipigia simu naye angejua kwamba kila alama nitakayoisogeza itabaki imeandikwa na maelezo yake.

Lakini bei siiachi yote. Nibakizie uzito wa 10 kwa 100.

MCHANGIAJI WA PILI

Kumi sawa, mradi malipo ya redio yasipitie kwangu.