Siri yangu mfagiaji anaijua, daktari wa sukari hana habari!

Wakuu, nimevumilia, leo yamenifika shingoni.

Nina VVU mwaka wa 12 huu. Dawa sijaruka, virusi havionekani kwenye kipimo miaka na miaka, na wanaofuatilia mambo haya wanajua maana yake: hata kwa ngono simwambukizi mtu. Mwaka jana nikakutwa na kisukari. Kliniki ninakochukua dawa wakasema hilo si lao, wakanipa rufaa kwa daktari wa sukari. Mhudumu akabeba faili langu, lile la rangi inayojulikana na kila mtu, akalipitisha mbele ya benchi zima. Mama mmoja akavuta mkoba wake. Hata mfagiaji wa korido siku hizi ananisalimia, "Vipi, dawa umeshachukua?"

Haya, daktari. Barua ya rufaa hakumaliza hata mstari wa pili. Nikamwambia kwa kinywa changu kwamba natumia dolutegravir, dawa yangu ya VVU. Akavaa glovu. Za kuandikia, jamani, hakunigusa! Akaniandikia metformin, dawa ya sukari, miligramu 1000 kutwa mara mbili, mwingine aingie.

Wiki saba nimekuwa mtu wa chooni. Kichefuchefu, kuhara, tumbo linakata, kazini nimetoa udhuru mpaka naona haya. Kliniki wananiambia ni sukari hiyo. Daktari wa sukari ananiambia ni virusi vyako hivyo. Virusi gani tena, na kipimo hakivioni?

Aliyeniokoa ni kijana wa dirisha la dawa, kwa swali moja tu: "Kuna dawa nyingine unazotumia?" Kumbe dolutegravir inazuia figo kuitoa metformin, inajaa kwenye damu, na kwa mtu kama mimi inashauriwa isizidi miligramu 1000 kwa siku nzima. Nilikuwa nameza 2000! (Akaniuliza na vidonge vya kiungulia, na kumbe vile vyenye magnesiamu au alumini havimezwi wakati mmoja na dolutegravir.) Akampigia daktari palepale, dozi ikashushwa. Simu haikufika dakika mbili.

Dakika mbili! Mimi wiki saba!

Jumatatu narudi na karatasi yenye dawa zangu zote kwa herufi kubwa, naiweka mezani kwake na siondoi mkono mpaka aisome. Na kama kuna mtu humu amewahi kuandika malalamiko hospitalini yakajibiwa, aniambie alianzia mlango gani.