USHAURI: Babu ni mfugaji na askari wa Vita vya Kagera, tunataka kuandika maisha yake angali hai. Tuanzie wapi?

Mjukuu_wa_Mkata

Wakuu salaam. Naomba msaada wa wanaoijua kazi hii.

Babu yetu yupo Mkata, Handeni. Kitambulisho cha Taifa kinasema kazaliwa 1 Julai 1950, lakini tarehe hiyo ilipachikwa tu siku ya kujiandikisha. Dada yake, anayemfuata kwa kuzaliwa, ana kadi ya kliniki yenye mwaka 1948! Ni Mparakuyo (wafugaji wa jamii ya Kimaasai), mwenye wake watatu (mkubwa katangulia mbele za haki) na ng'ombe kama 180, zebu waliochanganywa na Borani. Ujanani alichunga kwenye ranchi ya Mkwaja, kisha akaingia JWTZ, akaenda vitani Uganda, akarudi bomani. Akili nzima kabisa, ila sikio la kushoto ni zito.

Tumejaribu mara mbili kumrekodi, tumeshindwa. Ukimuuliza "ilikuwa mwaka gani" anajibu "zamani", halafu anaanza kusimulia ndama. Baba mdogo naye anasema kuandika wasifu wa mtu aliye hai ni uchuro.

Tulicho nacho: picha nne zilizoganda kwenye albamu ya nailoni, karatasi moja ya jeshi inayoachia kwenye mikunjo, na chuma cha chapa. Tunataka kijitabu cha familia, nakala 60. Naomba hatua, vifaa, na mambo yanayoharibu kazi ya namna hii.

Lejala

Mkuu, huyo ndama ndiye jibu lenyewe, nyie mmemkatiza.

Nunua kaunta buku la kwaya mbili. Nenda naye zizini asubuhi baada ya kukamua, kabla mifugo haijatoka, umuulize ng'ombe jike mmoja mmoja: mama yake yupi, bibi yake yupi, na yule wa kwanza kabisa aliingiaje bomani. Alinunuliwa? Aliletwa na mahari? Alirithiwa? Alikuwa fidia? Hapo kwenye "aliingiaje" ndipo maisha ya mzee yalipo, kwa sababu kila mlango wa kuingilia ng'ombe una mtu, mahali na tukio.

Hesabu yake ni hii. Mtamba wa zebu wa malisho ya kawaida huzaa mara ya kwanza akiwa na miaka minne hivi, na uzao hadi uzao hupishana mwaka mmoja na nusu hadi miwili. Kutoka mama hadi binti aliyebakizwa zizini weka wastani wa miaka sita. Ukipata mnyororo wa mama wanane umerudi karibu miaka 48. Usiutegemee kwa mwaka, utegemee kwa muongo. Kinachoukoroga ni majina: ng'ombe huitwa kwa rangi na binti hurithi jina la mama, basi wawili wanageuka mmoja na miaka sita inapotea. Akitaja jina lilelile mara mbili, uliza pembe zilikaaje na sikio lilikatwa vipi.

Cha pili ni rika. Kwa Mparakuyo hiki kina nguvu kuliko kitambulisho. Seuri walitangulia, wakafuata Makaa, kisha Landisi. Usiishie kwenye jina la rika, uliza kama alitahiriwa na mkono wa kuume au wa kushoto, maana wa kuume ndio wakubwa na wa kushoto wanafuata baadaye. Seuri walitahiriwa kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1950 na kuendelea katika miaka ya 1960. Akiwa Seuri wa mkono wa kushoto, kuzaliwa katikati ya miaka ya 1940 kunakaa vizuri, na kadi ya dada yake haitagombana tena na mtu.

Cha tatu ni vigingi vya kufungia kamba: mvua kubwa za mwisho wa 1961 wakati wa Uhuru, mashamba ya mkonge kutaifishwa 1967, njaa ya 1974 na 1975, CCM kuzaliwa Februari 1977, sensa ya Agosti 1978, kifo cha Sokoine Aprili 1984, mvua za El Nino za 1997 na 1998. Swali liwe la kabla au baada tu. "Mvua zile zinanyesha, ulikuwa umeshatahiriwa?" Atajibu bila kufikiri. Ukimtajia "1961" atakutazama tu.

Kurekodi: kaa upande wa sikio lake la kulia. Simu iweke juu ya kanga iliyokunjwa mara nne, umbali wa shubiri mbili kutoka kinywani, isigusane na meza maana kila kikombe kikitua utasikia bomu. Washa hali ya ndege, kwani simu ikiingia rekodi nyingi hukatika bila kukuarifu. Dakika 40 zinatosha, zikizidi anaanza kujibu kwa adabu tu. Faili la kilobiti 64 kwa sekunde linakula kama MB 29 kwa saa, kwa hiyo nafasi si kisingizio. Lipe jina siku hiyohiyo: tarehe, namba ya kikao, mada. Kuandika kwa mkono saa moja ya maongezi kunachukua saa nne hadi sita, na Kimaasai kikichanganyika na Kiswahili ongeza. Wengi hufia hapo: vikao ishirini vimerekodiwa, hakuna hata kimoja kilichoandikwa. Usianze kikao kipya kabla cha jana hakijawa kwenye karatasi.

Baba mdogo mwambie mnaandika historia ya boma. Neno wasifu watu wamezoea kulisikia jeneza likiwa mbele yao, hana makosa.

BintiPangani

Kuhusu Mkwaja. Ranchi ile ilianzishwa mwanzoni mwa miaka ya 1950 na kampuni ya Amboni ili kupata nyama ya wafanyakazi wa mkonge, ikafungwa mwaka 2000, na eneo lake sasa limo ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Saadani. Kwa hiyo msitegemee kwenda na kukuta mtu wa kuuliza.

Adui wa pale alikuwa ndorobo (mbung'o). Ng'ombe waliishi kwa sindano, na hapo ndipo pa kumpima mzee kumbukumbu kwa upole: muulize dawa ilikuwa ya rangi gani. Nyekundu iliyoiva ni Samorin, ya kinga, huchomwa ndani kabisa ya msuli na huacha uvimbe. Ya njano ni Berenil, ya kutibu aliyekwishaugua. Mchungaji aliyeshika ng'ombe kwenye kribu (kibanio cha kuchomea sindano) hasahau rangi wala uvimbe, na akishaanza na sindano atafika kwa msimamizi, mshahara, posho ya unga, mpaka simba.

Mabanda hayapo, lakini maboma yenyewe yanaonekana hadi leo. Ng'ombe wakilala mahali pamoja miaka mingi samadi hubadilisha udongo, na nyasi zinazoota pale si sawa na za pembeni; swala pala wanapapenda. Pembeni yake mara nyingi ni kichaka kizito cha migunga. Fungua picha ya setilaiti mwishoni mwa kiangazi utaona mabaka ya mviringo. Mwoneshe kwenye skrini kubwa (ya simu ni ndogo mno kwa macho ya mzee), mpe fimbo aelekeze bwawa lilikuwa wapi, njia ya kwenda pwani wapi. Chora upya kwenye karatasi ya manila. Ramani hiyo itakuwa ukurasa mzuri kuliko picha zote.

Ramani_na_Dira

Upande wa jeshi. Kwanza ile karatasi: usiibandike gundi ya plastiki na usiipeleke kwenye leminesheni. Joto la mashine huunguza karatasi za zamani na baadaye huwezi kuitoa. Ifungue taratibu, iwekee karatasi nyeupe juu na chini, kitabu kizito juu yake siku tatu, kisha ipige picha kivulini. Tafuta namba inayoanza na MT kama alikuwa askari, P kama alikuwa afisa. Namba hiyo isitokee mtandaoni wala kwenye kijitabu.

Hakikisheni kwanza alikuwa nani. Vita ile walikwenda JWTZ, JKT, mgambo, polisi na magereza, na familia nyingi huandika "mwanajeshi" kwa wote. Mgambo aliyerudi kijijini 1979 karatasi zake hazifanani na za aliyestaafu kazini.

Kupanga safari yake usitumie tarehe, tumia barabara. Wengi walikwenda kwa reli ya kati hadi Mwanza, wakavuka ziwa kwa meli hadi Bukoba. Daraja la Kyaka lilivunjwa na majeshi ya Amin mwanzoni mwa Novemba 1978. Muulize alivuka Mto Kagera kwa nini. Mutukula ilitwaliwa Januari 1979. Baada ya hapo njia inagawanyika, na hili ndilo swali kubwa: kushoto kwenda Mbarara, au kulia kwenda Masaka? Miji yote miwili ilianguka Februari. Akisema Mbarara, mara nyingi ni Brigedi ya 206. Akisema Masaka halafu kinamasi na Walibya (waliokuja kumsaidia Amin), hapo ni Lukaya, Machi. Entebbe ilitwaliwa tarehe 7 Aprili, Kampala tarehe 11. Vita ilifika mpaka wa Sudani tarehe 3 Juni, lakini wapo waliobaki Uganda hadi 1981, kwa hiyo msishangae akisema alikaa miaka miwili.

Usimuulize aliua wangapi. Uliza buti, uliza mzigo, uliza walikula nini, mvua iliwakuta wapi, saba saba (mzinga wa roketi) ilisikika vipi ikifyatuliwa. Akinyamaza, zima simu mbele ya macho yake ili aone umezima. Vikao vya vita viwe asubuhi tu, kamwe si jioni, maana ataenda kulala navyo. Mkiona anaamka usiku akipiga kelele baada ya vikao, acheni, mmpeleke kwa daktari wa afya ya akili. Kijitabu kinaweza kuwa na sura fupi ya vita, hakuna atakayedai.

Shahidi_wa_Nne

Naona watu wote wamefurahia zizi, na mimi naleta mchanga. Mzee akipita ng'ombe mmoja mmoja na simu inarekodi, lazima atasema "huyu ni wa nyumba ya mke mdogo", "dume lile nilimpa fulani". Siku akifariki, sauti hiyo itaitwa wosia na upande mmoja, na upande mwingine utasema mlimrubuni. Boma lenye nyumba tatu halihitaji moto huo.

Kwa hiyo ukoo wa ng'ombe uandike, umiliki wa sasa usiuandike. Akiugusa, funga simu, mrudishe kwa bibi wa ng'ombe. Na wosia ufanywe peke yake, kwa utaratibu. Kwa wanaofuata mila, Tangazo la Sheria za Mila la 1963 linataka wosia wa mdomo ushuhudiwe na watu wasiopungua wanne, wawili wa ukoo na wawili wa nje. Wa maandishi, kama mwenye wosia anajua kusoma na kuandika, mashahidi wawili, mmoja wa ukoo na mmoja wa nje. Kama hajui, wanne. Wake waliopo nyumbani wawepo. Kama mzee ni Mwislamu, ajue wasia hauvuki theluthi, na hauendi kwa mrithi bila ridhaa ya warithi wengine. RITA (Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini) wanapokea wosia na kuutunza.

Mchapaji_Ngamiani

Picha zilizoganda kwenye nailoni usizibandue. Hewa ya pwani ina unyevu na chumvi, rangi imeshashikana na plastiki na ukivuta itabaki kwenye plastiki. Piga picha ikiwa humohumo: mlangoni, kivulini, bila mwanga wa simu, albamu ikiwa imelala na simu sambamba nayo. Kitambaa cheusi mgongoni mwako kinaua mng'ao. Picha huru piga mbele na nyuma, nyuma kuna maandishi. Ukitaka kuandika jina, tumia penseli laini, kalamu ya wino hupenya. Hifadhi kwenye bahasha za karatasi, mbali na bati. Kwenye WhatsApp tuma kama hati, ukituma kama picha ubora unakatwa na mashine haitapata kitu.

Kijitabu: A5, kurasa ziwe zinazogawanyika kwa nne. Kurasa 48 zinafungwa kwa pini katikati na zinatulia vizuri. Ukivuka 60 karatasi inaanza kuvimba, utahitaji gundi. Herufi ukubwa wa 13, wasomaji wa kwanza ni wazee. Chuma cha chapa msikipige picha. Kipakeni wino wa muhuri, mkigandamize kwenye karatasi, hiyo ndiyo jalada. Kwanza chapisheni nakala tatu za kusahihisha, wasomewe wazee wa rika lake kwa sauti, ndipo zije 60.

Mjukuu_wa_Mkata

Asanteni sana wakuu. Tumefanya vikao vitatu vya zizini, anaongea mpaka chai inapoa. Ni Seuri, mkono wa kushoto. Baba mdogo kakubali neno "boma", na sasa yeye ndiye anasahihisha majina ya ng'ombe.

Swali kwa Ramani_na_Dira: anasema waliingia Masaka mji ukiwa umeshavunjwa, lakini hataji Lukaya wala Walibya. Anataja "Sembabule", vilima, na kwamba walikaa kama wiki tatu hawasogei. Je, anachanganya?

Ramani_na_Dira

Hachanganyi hata kidogo. Hiyo ni Brigedi ya 205, iliyotoka Masaka kwenda kaskazini kuelekea Mubende ikagota Sembabule kwa wiki tatu, na kamanda akabadilishwa katikati ya mapigano: Lupogo akatoka, akaingia Kimario. Usimtajie majina hayo. Muulize tu, "Pale mkubwa wenu alikuwa yuleyule mwanzo hadi mwisho?" Akisema walibadilishiwa, andika brigedi yake kwenye kijitabu. Asipokumbuka, andika Sembabule na wiki tatu kama alivyosema, na namba ya brigedi iache kwenye daftari lako kwa penseli.