Naomba ushauri: je, slaidi za kikao cha kazi ziwekewe mwondoko na madoido?

Habari za jioni, ndugu wanajamvi. Ninafanya kazi katika kiwanda cha kuchakata sangara hapa Mwanza, na wiki ijayo nitawaeleza wakuu wa idara, pamoja na wavuvi watakaotoka Ukerewe na Sengerema, jinsi samaki anavyopoteza ubora kuanzia ziwani hadi kiwandani. Mwenzangu ananihimiza kila mstari uingie kwa kuruka na kila slaidi igeuke kama ukurasa, kwa hoja kwamba slaidi zilizotulia huwaletea watu usingizi. Nina mashaka, kwa kuwa mwaka jana nilihudhuria wasilisho la namna hiyo, na tulipotoka ukumbini hakuna aliyekumbuka hata takwimu moja. Nifuate lipi?

Mwanachama, Ilemela:
Ndugu yangu, tazama kwanza kama jambo lenyewe lina hatua. Safari ya sangara inazo: hutolewa wavuni, hukaa mtumbwini, hupimwa mwaloni (mahali samaki wanaposhushwa), hupakiwa kwenye gari lenye barafu, ndipo hufika kwenu. Ukiuonyesha mchoro huo wote kwa pamoja, wasikilizaji watakuwa wameshafika kiwandani kwa macho ilhali wewe bado unaeleza habari za mtumbwi. Ukiufunua hatua moja baada ya nyingine, mtakwenda pamoja. Hatua itokee tu, bila kuruka wala kuzunguka. Maandishi na majedwali yaache yatulie. Sauti za makofi ziondoe zote, maana wazee waliopanda kivuko kuja kukusikiliza wanastahili heshima kuliko hiyo.

Mwanachama, Nyamagana:
Naunga mkono, ila fikiria pia faili litakwenda wapi baada ya kikao. Ukiligeuza kuwa PDF, mwondoko wote hupotea, na picha ulizozipanga moja juu ya nyingine ili zipokezane hutoka zimefunikana. Mimi hutengeneza slaidi kadhaa zinazofuatana, kila moja ikiongeza hatua moja. Ukumbini mchoro huonekana unakua, na nakala ya karatasi hubaki inasomeka.

Mwanachama, Sengerema:
Vitu vinavyozunguka huwatia baadhi ya watu kizunguzungu, na mwanga unaowaka na kuzimika zaidi ya mara 3 kwa sekunde unaweza kumwangusha mwenye kifafa. Hilo halina mjadala.

Muuliza swali:
Asanteni sana, nimeelewa. Limebaki moja: ninayo chati ya joto la samaki kwa kila saa tangu atoke majini. Mstari wake ujichore wenyewe mbele ya watu?

Mwanachama, Ilemela:
Hapo unafaa, kwa kuwa saa zenyewe zinasonga. Uende polepole kutoka kushoto kwenda kulia, mara moja tu. Weka alama ya nyuzi 0 za barafu, usimamishe mstari pale unapoanza kuiacha alama hiyo, kisha uwaulize wavuvi barafu yao huisha wakiwa wamefika wapi.